KISUBI ASIYE NA JINA
Jinsi mdudu mpya wa msituni anavyopata kujulikana, na kwa nini jambo hilo linamhusu mkulima



Tumezoea kuandika katika ukurasa huu juu ya maji safi, mifugo, mbegu na afya ya watoto. Safari hii tumechagua mdudu mdogo sana, ambaye anaweza kutua juu ya herufi moja ya karatasi hii na kutoshea vizuri. Huyu ni kisubi. Wengine humwita usubi, na wengine husema tu "vile vidudu vya jioni". Usimwone mdogo ukampuuza. Kisubi ameua kondoo na farasi wengi kuliko chui, na bila ndugu zake wengine hakuna mtu duniani ambaye angekula chokoleti ya kutosha.

Jambo tunalotaka kueleza leo ni hili: mdudu ambaye hajawahi kuandikwa popote anapatikanaje msituni, na nani ana haki ya kusema, "Huyu ni mpya, na jina lake ni hili"? Watu wengi hufikiri ni kazi ya siku moja, ati mtaalamu anaingia msituni, anamwona mdudu, anampa jina, basi. Mambo si hivyo. Ni kazi ndefu yenye sheria zake, na makosa ndani yake humfikia mkulima nyumbani.

VISUBI NI WADUDU GANI?

Visubi wauma-ngozi ni jamii moja kubwa katika ukoo wa nzi na mbu. Wana mabawa mawili tu, kama nzi wote. Urefu wa mwili wao kwa kawaida ni kati ya milimita 1 na 3. Wataalamu wameshaandika zaidi ya aina 6,000 duniani. Kundi lao linalojulikana sana kwa kuuma watu na mifugo linaitwa Culicoides, nalo peke yake lina zaidi ya aina 1,300.

Wasichanganywe na wale wadudu weusi wa kwenye mito yenye maporomoko wanaoeneza upofu, ambao pia huitwa usubi sehemu nyingine. Hao ni jamii nyingine kabisa. Wala si wale wa mchangani wanaoeneza kala-azar. Majina ya nyumbani mara nyingi hubeba wadudu wengi katika kikapu kimoja, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutafuta majina yasiyogongana.

Anayeuma ni jike peke yake. Anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Dume hunywa maji matamu ya maua na hana shida na mtu. Mbu hutoboa ngozi kwa mdomo kama sindano, lakini kisubi hukata ngozi kwa visu vidogo vya mdomoni, kisha hunywa damu inayotoka. Ndiyo maana kuumwa na mdudu mdogo namna hiyo huwasha sana. Tena neti ya kawaida ya mbu haimzuii vizuri, kwa sababu matundu yake ni makubwa kwake.

Si visubi wote wanaotaka damu ya mtu au ng'ombe. Wako wanaonyonya vyura. Wako wanaokamata wadudu wenzao na kuwanyonya. Huko Asia yuko mmoja, Culicoides anophelis, anayemtua mbu aliyeshiba na kumnyonya ile damu aliyoiba. Mwizi ameibiwa! Na mabawa yao ni ya ajabu. Mtafiti mmoja wa Finland, Olavi Sotavalta, alipima kisubi wa kundi la Forcipomyia akipiga mabawa mara 1,046 kwa sekunde moja.

Mayai hutagwa mahali penye unyevu: matope kando ya birika la ng'ombe, samadi mbichi, majani yaliyooza, mgomba uliokatwa na kuachwa uoze, au maji yaliyotulia katika tundu la mti. Buu hutoka, hukua, huwa pupa, kisha kisubi hupaa. Msitu wa mvua una sehemu za namna hiyo kila hatua unayopiga. Kwa hiyo si ajabu kwamba misitu ya mvua ndiyo yenye visubi wengi wasio na majina.

ADUI NA RAFIKI

Wacha kwanza tutaje hasara. Visubi hueneza ugonjwa wa ulimi wa buluu katika kondoo. Kondoo huvimba midomo na uso, hutokwa na ute, hupata vidonda mdomoni, huchechemea, na wengine hufa. Kondoo wetu wa kienyeji mara nyingi huubeba bila kuonyesha dalili, lakini wale wa kizungu kama Merino huumia sana. Ugonjwa huu hauwapati watu. Visubi pia hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua farasi upesi, ingawa pundamilia na punda wa huku kwetu huuvumilia zaidi.

Huko Amerika ya Kusini na Karibi kuna ugonjwa wa homa uitwao Oropouche. Virusi vyake vilipatikana kwanza Trinidad mwaka 1955, na mwenezaji wake mkuu ni kisubi aitwaye Culicoides paraensis. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa homa ya kupita tu. Mwaka 2024 Brazil ikatangaza vifo vya kwanza kutokana nao.

Sasa faida. Ua la mti wa kakao ni dogo na limejikunja vibaya, hata nyuki hawezi kulifanyia kazi vizuri. Wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua ni visubi wadogo, hasa wa kundi la Forcipomyia. Mkulima wa Ghana, wa Côte d'Ivoire au wa Bundibugyo, Uganda, anayefagia shamba lake la kakao likawa safi kama uwanja wa shule, anaweza kuwa anafukuza vibarua wake mwenyewe bila kujua. Vibarua hao huzaliwa katika maganda ya kakao yaliyooza na migomba iliyoanguka.

Mnaona basi? Jamii moja ina aina inayoua mifugo na aina inayoleta mazao. Ukisema tu "visubi" hujasema kitu. Lazima uulize: kisubi yupi?

EKARI KUMI ZA COSTA RICA

Ili tuelewe ukubwa wa kazi, twende Costa Rica katika Amerika ya Kati. Mahali panaitwa Zurquí de Moravia. Ni msitu wa mlimani wenye mvua na ukungu, kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kati ya mwaka 2012 na 2013, kundi la wataalamu lilichukua eneo la hekta 4, yaani kama ekari 10, na kuamua kuhesabu kila aina ya mdudu wa ukoo wa nzi, mbu na visubi aliyenaswa hapo. Walioongoza walikuwa Brian Brown wa Marekani na Art Borkent wa Kanada. Borkent ni mmoja wa watu wanaowajua visubi kuliko wote duniani. Wataalamu makumi kadhaa kutoka nchi nyingi waligawana kazi, kila mmoja na jamii anayoijua.

Matokeo yalipochapishwa mwaka 2018, hesabu ilikuwa aina 4,332. Katika ekari 10! Shamba la ukubwa huo kwetu ni la familia moja au mbili. Na wengi wa wadudu hao hawakuwa na jina lolote katika kitabu chochote.

Hebu fikiria maana yake. Msitu wa namna hiyo ukikatwa, hatupotezi miti na maji peke yake. Tunapoteza viumbe ambao hakuna aliyewahi kuwajua, wakiwemo huenda wale wanaochavusha mimea na wale wanaowala wadudu waharibifu. Huwezi kuomboleza ndugu ambaye hukuwahi kusikia habari zake, lakini pengo lake utalisikia.

HATUA KWA HATUA

Sasa tueleze kazi yenyewe, tangu msituni mpaka jina.

1. Kunasa. Mtego unaotumika sana ni ule uliobuniwa na Msweden René Malaise katika miaka ya 1930. Unafanana na hema la neti. Mdudu arukaye hugonga ukuta wa katikati, kisha kwa tabia yake hupanda juu kufuata mwanga, na huko juu huangukia chupa yenye spiriti. Mtego mwingine ni wa taa usiku. Mwingine ni kisanduku kinachofunikwa juu ya matope au majani yaliyooza, ili kila mdudu atokaye humo anaswe na ijulikane alizaliwa wapi. Chupa kila moja huandikiwa mahali, kimo cha mlima, tarehe, aina ya mtego na jina la mnasaji. Chupa isiyo na karatasi hiyo ni bure tu, hata kama ndani yake kuna mdudu wa ajabu namna gani.

2. Kuchambua. Chupa moja ya wiki moja huweza kuwa na wadudu maelfu, wamechanganyika kama githeri. Mtu hukaa mezani na hadubini, akitenganisha nyuki, mende, mbu, na mwisho visubi. Ni kazi ya subira kama kuchagua mawe kwenye mchele. Siku nyingi hupita hivyo.

3. Kupasua. Mtaalamu huchukua kisubi mmoja, humsafisha kwa dawa mpaka mwili unakuwa mwangavu, kisha humtenganisha kwa sindano nyembamba sana: kichwa, mabawa, miguu, tumbo. Kila sehemu hulazwa juu ya kioo, ndani ya tone la utomvu mwangavu, na kufunikwa kwa kioo chembamba. Kumbuka mnyama mzima ni milimita mbili. Mkono ukitetemeka, kazi imeharibika.

4. Kupima na kuchora. Hapa ndipo tofauti huonekana. Wengi wa kundi la Culicoides wana madoa meupe na meusi kwenye mabawa, na mpangilio wa madoa hayo ni kama alama ya ng'ombe wa boma fulani. Mtaalamu hupima urefu wa bawa, huhesabu vipande vya papasi, huangalia kishimo kidogo cha kunusia kilicho mdomoni, na huchunguza meno ya visu vile vya kukatia ngozi. Katika jike huangalia vifuko vya kuhifadhia mbegu ya dume. Katika dume huangalia viungo vya uzazi, maana mara nyingi hivyo ndivyo vinavyotenganisha aina mbili ambazo kwa nje ni pacha. Haitoshi kuangalia mdudu mmoja. Mmoja anaweza kuwa mdogo kwa sababu alikosa chakula akiwa buu. Wanatakiwa wengi, majike na madume, ili ijulikane kipi ni tabia ya aina nzima na kipi ni ajali ya mtu mmoja.

5. Kulinganisha. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Kusema "huyu ni mpya" ni kusema "nimewaangalia wote walioandikwa, na huyu hayumo". Mtaalamu lazima asome maandishi ya miaka zaidi ya 200, ya Kilatini, Kijerumani, Kifaransa, Kireno na Kiingereza. Maelezo ya zamani mara nyingine ni mistari mitatu tu, isiyo na picha. Hapo hana budi kwenda au kuandika barua kwenye makumbusho ambako yule mdudu wa kwanza amehifadhiwa, amwangalie kwa macho yake.

6. Kusoma chembe za urithi. Tangu mwaka 2003 imekuwa desturi kusoma kipande kimoja cha DNA chenye urefu wa herufi kama 658, na kukilinganisha na vya wadudu wengine. Njia hii husaidia sana kumkutanisha jike na dume wake kama wanaonekana tofauti, au buu na mzazi wake. Lakini haiondoi kazi ya hadubini. Ni kama kitambulisho: kinasaidia, ila bado mwenyewe ahitaji kuonekana.

7. Kumpa jina na kuchapisha. Jina la kisayansi ni la maneno mawili. La kwanza ni la kundi, kama jina la ukoo. La pili ni lake mwenyewe. Linaweza kutaja mahali alipopatikana, umbo lake, anachokula, au mtu anayeheshimiwa. Si desturi mtu kujipa mdudu jina lake mwenyewe. Kuna sheria za kimataifa za majina ya wanyama, na zinahesabu majina kuanzia mwaka 1758. Toleo la sheria linalotumika lilianza mwaka 2000. Tangu mwaka 2012 maelezo yanaweza kuchapishwa kwa kompyuta peke yake, mradi yaandikishwe katika daftari la kimataifa liitwalo ZooBank.

Mdudu mmoja huchaguliwa kuwa shahidi wa jina hilo. Huitwa holotaipu. Huwekwa kwenye makumbusho kwa karatasi yake, na kazi yake ni moja tu: siku yoyote ikitokea ubishi, watu wamfungue wamwangalie. Ni kama ile hatimiliki ya shamba. Maneno ya majirani ni mazuri, lakini karatasi ndiyo inayokata shauri.

PADRI NA KISUBI WA KENYA

Huenda mtu aseme, "Hayo ni mambo ya wasomi. Yanatuhusu nini?" Tusimulie basi kisa ambacho kilianzia huku kwetu.

Mwaka 1911 na 1912 Wafaransa wawili, Charles Alluaud na René Jeannel, walisafiri Afrika Mashariki wakikusanya wadudu. Visubi waliowapata walipelekwa kwa Padri Jean-Jacques Kieffer, mwalimu wa sayansi katika mji wa Bitche, ambao leo uko Ufaransa. Mwaka 1913 Padri Kieffer alimwandika mmoja kutoka Kenya na kumwita Culicoides imicola. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mdudu huyo ana ubaya wowote. Alikuwa jina tu kitabuni.

Mwaka 1920 wataalamu wengine watatu walimwandika kisubi kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, wakamwita Culicoides pallidipennis. Mwaka 1944, huko Onderstepoort, Afrika Kusini, mtafiti R. M. du Toit alionyesha kwamba visubi ndio wanaoeneza ulimi wa buluu na ugonjwa wa farasi. Sasa habari za mwenezaji mkuu zikawa zinaandikwa chini ya jina la pallidipennis, na zile za imicola zikakaa kando. Baadaye vielelezo vilipolinganishwa, kumbe ni mdudu mmoja! Kwa sheria, jina la kwanza ndilo linaloshinda, na leo dunia nzima inamwita imicola.

Mwaka 1971 C. P. M. Khamala na D. S. Kettle walichapisha andiko refu juu ya visubi wa Culicoides wa Afrika Mashariki. Mpaka leo mtu anayetaka kuwajua visubi wa Kenya, Uganda na Tanzania huanzia hapo.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1989 R. Meiswinkel wa Afrika Kusini alionyesha kwamba baadhi ya wale waliokuwa wakiitwa imicola si imicola. Wanafanana sana, lakini wana tofauti zao, na makao ya watoto wao ni tofauti kabisa. Imicola huzaa katika udongo wenye maji na mbolea, kama pale bomba linapovuja au birika linapofurika. Yule mwingine huzaa ndani ya mavi ya nyati na ng'ombe. Meiswinkel alimwita Culicoides bolitinos, kutokana na neno la Kigiriki la mavi ya ng'ombe. Naye pia ni mwenezaji wa ugonjwa wa farasi, hasa sehemu za baridi.

Hapo ndipo jina linapogeuka kuwa pesa. Mfugaji aliyeambiwa akaushe matope yote na akafanya hivyo kwa bidii, bado angeshangaa kuona visubi wanakuja. Si kosa lake. Alikuwa anapigana na adui wawili akidhani ni mmoja. Dawa ya mmoja haimgusi mwingine.

Wazungu nao walijifunza kwa uchungu. Mwaka 2006 ulimi wa buluu ulizuka Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, nchi za baridi ambako imicola hayuko. Waliokuwa wakieneza ni visubi wa huko huko, ambao hapo awali hawakuhofiwa. Ghafla wale watu wachache wanaoweza kumtambua kisubi kwa hadubini wakatafutwa kama daktari usiku wa manane. Mtu wa namna hiyo hafunzwi kwa wiki moja.

MSITU NI WA NANI, MDUDU NI WA NANI?

Kuna jambo ambalo sisi katika kazi ya maendeleo hatuwezi kulipita. Kwa miaka mingi wageni walikuja, wakabeba wadudu, wakaondoka, na holotaipu wakakaa Paris au London. Mwanafunzi wa Kiafrika akitaka kumwona mdudu wa kijijini kwao, alihitaji nauli ya ndege.

Dunia imejaribu kurekebisha. Mkataba wa kimataifa wa uhai anuwai ulikamilishwa papa hapa Nairobi mwezi wa Mei 1992. Unasema kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe vyake. Mwaka 2006 Kenya iliweka kanuni chini ya sheria ya mazingira, zinazomtaka anayechukua viumbe kwa ajili ya chembe zao za urithi apate kibali na kukubaliana juu ya kugawana faida. Mwaka 2010 ukafuata Mkataba wa Nagoya juu ya mambo hayo hayo, ulioanza kutumika mwaka 2014.

Lakini karatasi peke yake haitoshi. Costa Rica walijaribu njia nyingine ambayo sisi tumeipenda. Mwaka 1989 ilianzishwa taasisi iitwayo INBio. Badala ya kungoja maprofesa, iliwachukua watu wa mashambani, wanaume kwa wanawake, ikawapa mafunzo ya miezi kadhaa, kisha ikawaajiri kunasa, kuhifadhi na kuchambua wadudu katika sehemu zao. Watu ambao walikuwa wakulima na mama wa nyumbani wakawa macho na mikono ya sayansi. Taasisi hiyo baadaye ilikwama kwa ukosefu wa fedha, na mwaka 2015 mkusanyiko wake ulipelekwa kwenye Makumbusho ya Taifa ya nchi hiyo. Tunajifunza mambo mawili hapo. Kwanza, elimu hii inawezekana kwa mtu wa kawaida mwenye bidii na macho mazuri. Pili, mradi mzuri usio na mfuko wa kudumu huyumba, na sisi sote tulio katika vikundi vya maendeleo tunalijua hilo.

Hapa kwetu tuna msitu wa Kakamega, kipande cha upande wa mashariki cha misitu mikubwa ya mvua ya Kongo, umezungukwa na mashamba pande zote. Tuna Makumbusho ya Kitaifa Nairobi yenye mkusanyiko mkubwa wa wadudu. Tuna vijana waliomaliza shule na hawana kazi. Mambo hayo matatu yangeweza kukutana.

TUFANYE NINI?

Hatuwaambii wasomaji wetu wote wakimbilie msituni na chupa. Lakini kuna mambo yaliyo katika uwezo wetu.

Kwa wafugaji: Warudishe kondoo na farasi ndani kabla jua halijatua, maana imicola huuma sana kuanzia machweo mpaka alfajiri, na hapendi kuingia ndani ya jengo. Tengeneza birika linalovuja na kausha matope yanayolizunguka. Usiache samadi mbichi imetapakaa karibu na zizi. Ukiona kondoo amevimba mdomo na anachechemea, usingoje, mwite daktari wa mifugo. Chanjo ipo, na daktari ndiye atakayekuambia ni lini inafaa kutolewa.

Kwa wanaopakana na msitu: Mgeni akija kutega wadudu, mpokeeni vizuri, kisha mwulizeni maswali matatu. Kibali chako kiko wapi? Wadudu watahifadhiwa wapi? Na matokeo yatarudi kwetu kwa lugha gani? Mtafiti mwaminifu hatakasirika. Tena muombeni achukue kijana mmoja wa hapo kuwa msaidizi wake, amfundishe.

Kwa walimu: Beseni lenye majani yaliyooza likifunikwa kwa neti nyembamba kwa wiki mbili tatu, litawaonyesha wanafunzi wadudu gani wanaotoka humo. Waandike tarehe, mahali na walichokiona. Mtoto akijifunza kuandika karatasi ya chupa kwa usahihi, ameshajifunza nusu ya sayansi.

Kwa sisi sote: Tunapokutana kwenye baraza na mtu akasema msitu ni kichaka tu cha kukatwa, tukumbuke zile ekari 10 za Costa Rica na aina zake 4,332. Hakuna anayeweza kusema kichaka chetu kina nini kama hakuna aliyewahi kuhesabu.

Katika toleo lijalo tutaeleza jinsi ya kujenga zizi la kondoo kwa vifaa vya bei nafuu. Mnakaribishwa kutuandikia maswali yenu juu ya visubi na mifugo, nasi tutayapeleka kwa daktari wa mifugo ayajibu.